Mpaka Birika Lichemke

Niliingia dukani kwa kina Vipimo Jumatatu asubuhi na helmeti kwapani, na njia nzima nilikuwa nikipanga matusi. Sikuja kubembeleza mtu. Jana yake baba yangu alikuwa ameshinda sebuleni na suti yake ya harusini, ile isiyofunga tena vifungo, akimsubiri Vipimo na wazee wake waje kuzungumza habari za kuniposa. Shangazi alikuwa amefagia mpaka nje ya geti. Jua likapanda, likashuka, hakuna aliyebisha hodi. Simu ya Vipimo ilikuwa imezimwa. Mwishowe baba akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akaenda kulala bila kula. Hakuniuliza neno. Laiti angefoka, ningelala.

Mimi mtu akinikosea naweza kumvumilia mwezi mzima. Akimkosea baba yangu, kesho yake niko mlangoni kwake.

Duka lao lilikuwa dogo, limejaa helmeti kutoka sakafuni hadi darini, zote zimeelekeza vioo mlangoni kama watu waliogeuka kukutazama umechelewa. Katikati palikuwa na stuli, na ukutani kioo kirefu. Harufu ya gundi na mpira mpya ilinipiga puani kabla sijavuka kizingiti. Vipimo alikuwa juu ya ngazi akipanga mzigo, tepu yake ya fundi cherehani ikining'inia shingoni. Hiyo tepu ndiyo iliyompa jina. Chini yake, nyuma ya kaunta, alikaa mama yake mzazi, mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Bimkubwa. Alikuwa akikata sponji kwa mkasi mrefu.

Vipimo aliniona kwanza. Alinitazama vile anavyonitazama siku zote, akianzia kwenye paji la uso na kushuka polepole mpaka mdomoni, na mimi mjinga, pamoja na hasira zangu zote, nikajikuta nafuta vumbi usoni. Nilijichukia papo hapo.

"Kichogo," alisema kwa sauti ya chini.

Ndivyo alivyoniita. Utotoni wenzangu walinitania kwa kisogo changu kilichotoka nyuma, nikawa nalia. Akaja yeye, akalichukua jina lile lile, akalitamka taratibu, nikalipenda. Lakini siku hiyo halikunifurahisha.

"Shikamoo," nilimwamkia Bimkubwa, maana hasira si sababu ya kukosa adabu.

"Marahaba." Hakuinua macho. "Hapa tunauza helmeti. Ng'ombe wako hawako hapa."

Mimi ni daktari wa mifugo. Nazunguka kwa pikipiki kutoka zizi hadi zizi, mvua na jua, na Bimkubwa hakuwahi kunisamehe kwa hilo, wala kwa jambo jingine lolote.

"Sikufuata ng'ombe, mama. Nimekuja kurudisha hii." Niliibwaga helmeti juu ya kaunta.

"Usinipigie meza. Meza hiyo ina umri kukushinda."

"Na mwanao ana umri wa kutosha kushika simu. Jana ilikuwa wapi?"

Vipimo alishuka ngazi. "Naomba tutoke nje kidogo, nitakueleza."

"Eleza hapa hapa. Baba yangu alisubiri ndani, mimi nitaelezwa nje kwa nini?"

Alifungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga. Bimkubwa aliendelea kukata sponji, kra, kra, kra.

"Helmeti ina tatizo gani?" aliuliza Bimkubwa, kana kwamba hayo mengine hakuyasikia.

"Inaniua kichwa. Toka nipewe, sina siku niliyorudi nyumbani bila kuumwa. Hapa," nikagusa paji la uso, "kama nimefungwa kamba."

"Hiyo ni helmeti nzuri. Kichwa chako ndicho kibaya."

"Basi nipime."

Mkasi ukasimama. Duka lile lilikuwa na sheria moja, na aliyeitunga ni yeye mwenyewe: mtu hanunui wala halalamiki mpaka aketi kwenye stuli na helmeti kichwani hadi birika la chai lichemke. Kila helmeti, husema Bimkubwa, ni tamu ukiivaa tu. Iache ikae, ndipo itakuonyesha tabia yake. Birika likilia, anakuvua mwenyewe na kukutazama uso. Akikuta mstari kwenye paji, hakuuzii hata upige magoti. Mimi sikuwahi kuketi kwenye stuli ile. Vipimo alinipima ofisini kwangu, siku aliyoniambia anataka kuja kwetu. Alizungusha tepu kichwani, akaipitisha kutoka mbele hadi nyuma, vidole vyake vikinitekenya shingo. "Kichwa chako ni kirefu," aliniambia, "na helmeti nyingi zimetengenezewa watu wa vichwa vya mviringo. Yako nitaipunguza sponji za mbele, nizijaze za ubavuni. Ikikukaa, utasahau kama umeivaa." Wiki iliyofuata akaniletea zawadi yangu ndani ya boksi. Na mapenzi yalivyo upofu, niliivaa, ikanibana, nikasema nitaizoea.

"Keti," Bimkubwa aliniambia.

Niliketi. Akanivalisha helmeti kwa nguvu hata masikio yakakunjika, akafunga mkanda wa kidevuni, akaenda kuwasha jiko dogo la gesi nyuma ya kaunta na kuweka birika. Vipimo alisimama karibu na kioo, hajui mikono aiweke wapi.

"Ukiwa hapo," Bimkubwa alisema, "acha nikwambie kitu. Jana mwanangu hakuja kwa sababu nilimkataza. Wazee wake niliwaambia safari imevunjika. Mimi niliwaambia. Sasa umejua, huna haja ya kukunja uso."

Nikafungua kioo cha helmeti nipate kujibu. "Uso siukunji, ni helmeti yenu inaukunja. Na kunikataa mimi ni haki yako. Lakini ungemtuma hata mtu mmoja akamwambie mzee avue suti."

"Baba yako ni mtu mzima. Asiyejua kuvua koti lake mwenyewe ana mambo."

"Mama!" Vipimo alisema.

"Mama nini?"

Vipimo akaanza kuizungusha tepu kidoleni.

"Endelea," nilimwambia Vipimo. "Ulikuwa unasema 'mama'. Halafu?"

"Nilikuwa... Kichogo, usichukulie hivyo. Mama ana presha."

"Presha ninayo mimi!" nikasema. "Mwanamume mzima, ndevu zimekujaa, unajifungia chumbani siku ya posa yako mwenyewe kama mwari!"

"Usimtukane mwanangu ndani ya duka langu," Bimkubwa alisema.

"Nitatoka nimtukanie barabarani, ukipenda."

"Umeona?" Alimgeukia mwanawe. "Umeona ulimi huo? Huyo ndiye uliyetaka aniletee maji ya kunywa nikiugua? Si atanimwagia?"

"Nikikuletea utakunywa, mama, maana kwa mwanao utakufa na kiu ukisubiri aamue kikombe."

Bimkubwa alinitazama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu niingie. Sitasema alitaka kucheka, ila mdomo wake ulifanya kitu, kisha ukakaza tena. Birika lilianza kunong'ona. Paji langu lilikuwa tayari linapwita, na kwenye kioo cha ukutani niliona macho ya Vipimo yananitazama, yamejaa huruma. Na hiyo huruma ndiyo iliyonishangaza. Hakuwa na mshangao hata chembe. Fundi aliyenipima kwa mikono yake, akarekebisha sponji moja moja, ananiona nateseka ndani ya kazi yake mwenyewe, na hashtuki? Hasemi hata "hebu nione"?

Birika likalia. Bimkubwa akazima jiko, akaja, akafungua mkanda, akaivuta helmeti. Hakuhitaji kuinama. Kwenye kioo niliuona mstari mwenyewe, umezama kutoka ubavu hadi ubavu wa paji la uso.

Niliichukua helmeti nikaingiza vidole ndani. Sponji ya mbele ilikuwa nene kama mto wa mtoto. Za ubavuni zilikuwa nyembamba, kichwa changu kilikuwa kikicheza kushoto na kulia. Kila kitu kilikuwa kinyume cha alichoniahidi.

Hapo wivu ukanipanda kichwani, na wivu wangu hauombi ruhusa.

"Hii helmeti ni ya nani?" nilimuuliza Vipimo.

"Ni yako."

"Usinidanganye. Hii imejazwa kwa mtu mwenye kichwa cha mviringo. Wewe hukosei kichwa, unajulikana mji mzima hukosei. Ni nani huyo? Ulimtengenezea yeye, akakukataa, ukaona ulete kwa mjinga wako? Au ya kwangu ndiyo anayo yeye?"

"Hakuna mtu! Nakuapia."

"Basi sema ni kichwa cha nani!"

Alitazama sakafu. Mwanamume akitazama sakafu kwa swali kama hilo, mwanamke anaelewa anachotaka kuelewa. Mimi nilimwona kabisa huyo mwanamke, uso wake wa duara, mashavu yake, na bila shaka hakuwa na kisogo.

"Malaya mkubwa wee," nikamwambia, na machozi yakanitoka mbele ya mama yake, jambo nililoapa halitatokea.

"Ishia hapo!" Bimkubwa alipiga kaunta yake mwenyewe, ile isiyopigwa. "Mwanangu nimemlea mimi. Mwite mwoga, mwite mzembe, nitanyamaza. Malaya si yeye. Hizo sponji nilizibadilisha mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wewe?"

"Mimi. Aliacha boksi hapa usiku, nikalifungua. Nikatoa zako nikaweka za mviringo."

"Ili nife?"

"Nyoo! Inayobana haiui, tunasema hivyo kila siku. Inayolegea ndiyo inayoua. Nilikuwekea ya kubana. Nilitaka uchoke." Alisema bila aibu, mkasi mkononi. "Nilisema atavaa mwezi, miwili, kichwa kitamshinda, ataiweka pikipiki chini aombe kazi ya mezani kama madaktari wengine. Ukiiacha, nakuja kwenu mwenyewe kwa miguu yangu kukuposa. Hutaki, basi mwanangu humpati."

"Kwani pikipiki imekukosea nini? Si ndiyo inayokulisha?"

Aliutupa mkasi juu ya sponji. "Wewe huujui mlango ule." Alinyoosha kidole kwenye mlango mdogo wa stoo. "Kila mwaka kuna wajane wanaonirudishia helmeti za waume zao. Hawajui wazipeleke wapi. Kuitupa hawawezi, kukaa nayo hawawezi, wanakumbuka ilikotoka. Wananipa, na nywele zingine bado zimo ndani. Mimi ndiye niliyewavalisha, birika limechemka, mstari hakuna. Nafanyaje? Naziweka mle. Siku ninayoingia kutoa maboksi nafumba macho. Sitaki siku moja mwanangu aingie hapa ameshika ya mke wake."

Kilichoniudhi ni kwamba nilimwelewa, na sikutaka kumwelewa.

"Pole kwa hilo, mama," nikasema. "Lakini mwenye ng'ombe aliyekwama na ndama usiku wa mvua hanisubiri nije na basi. Kazi yangu siachi. Wala kwa mwanao, wala kwa mwana wa mwingine."

"Basi na mimi siji kwenu."

"Usije."

"Siji!"

"Nimesema usije!"

Tulikuwa tunahema wote wawili. Halafu kitu kikanijia, kikanipoza mwili mzima. Nilimgeukia Vipimo, aliyekuwa bado anaangalia vidole vya miguu yake.

"Ulijua."

"Kichogo..."

"Nilikuuliza ni kichwa cha nani, ukatazama chini. Ulijua. Tangu lini?"

"Siku uliyoniambia kinakuuma. Nikarudi dukani nikakuta sponji zako kwenye droo. Nikaelewa."

"Siku niliyokwambia kinaniuma," nilirudia, "ulininunulia vidonge."

Akageukia kioo cha ukutani, akakutana na uso wangu humo, akayaondoa macho.

"Ulinishika mkono, ukanipeleka duka la dawa. Ukaniambia nipunguze kukaa juani. Ukaniambia ninywe maji mengi!" Nilisikia sauti yangu inapanda na sikuizuia. "Nikawa nakunywa maji, usiku kucha nakwenda chooni, na wewe una sponji zangu kwenye droo!"

"Nilikuwa natafuta njia ya kuzungumza na mama kwanza. Taratibu, asiumie."

"Na mimi je? Niumie kwa kasi gani?"

Alinyoosha mkono anishike bega. Mungu ananijua, bega langu lilitaka. Miezi yote ile nilikuwa nakimbiza pikipiki jioni ili nimkute kabla hajafunga duka, aniangalie tu. Nikarudi nyuma.

"Mama yako ananichukia," nikamwambia, "na amenifanyia uovu, na ameutamka kwa kinywa chake mbele yangu. Naweza kugombana naye mpaka tuzeeke. Wewe utanifanyia nini? Utaninunulia vidonge?"

Bimkubwa hakuingilia. Alikuwa ameinama kwenye droo.

"Nauza au siuzi?" aliuliza kwa ukali. "Unasimama tu dukani kwangu."

"Nauziwa. Nina zizi linanisubiri. Nipe inayonikaa, nilipe niende zangu."

"Keti."

Niliketi tena. Vipimo alisogea na tepu yake, mama yake akamsukuma kando kwa kiwiko. Hakutumia tepu. Alinishika kichwa kwa viganja viwili, kimoja kwenye paji, kingine kwenye kisogo, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, bila upole wowote.

"Kisogo gani hiki," alinung'unika. "Mama yako alikuwa anakulaza upande gani?"

"Usimtaje mama yangu."

"Tulia, unatingisha."

Aling'oa sponji za mviringo, vifungo vyake vikilia tap, tap, tap, akazitupa chini. Akabandika zangu kutoka kwenye droo. Akanivalisha, akaingiza kidole pembeni, akavua, akakata kipande kama unene wa kucha, akanivalisha tena. Kisha akawasha jiko, akaweka birika. Tulikaa sisi watatu tukilisikiliza. Lilipolia akanivua, akanitazama uso, akapitisha kidole gumba pale pale palipokuwa pananiuma. Ule mstari wa mwanzo ulikuwa unafifia. Mpya haukuwepo.

"Chukua," alisema. "Usinishukuru, sikukufanyia kwa mapenzi."

"Sikushukuru."

Nililipa, nikatoka. Pikipiki yangu ilikuwa imeegeshwa mbele ya ngazi za nje, boksi la dawa za mifugo limefungwa nyuma kwa kamba. Nilivaa helmeti. Ilinikumbatia kichwa pande zote sawa, na laiti ningekuwa na moyo wa kufurahi ningefurahi. Nikasikia hatua nyuma yangu. Vipimo alishika usukani.

"Usiondoke hivi," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliniinamia karibu kabisa na kioo cha helmeti, sauti akaishusha mpaka ikawa pumzi. "Nakupenda. Unajua nakupenda. Sijawahi kumpenda mtu hivi."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo tangu Jumapili asubuhi. Nikayasikia yakiingia, yakifika pale yanapofika siku zote.

"Sema tena."

"Nakupenda."

"Kwa sauti. Mama yako asikie."

Akageuza shingo, akatazama mlangoni.

Bimkubwa alikuwa amesimama pale pale, ameegemea mwimo wa mlango. Sijui alifika lini, lakini kwa uso wake alikuwa amesikia kila kitu.

"Si umeambiwa useme?" alimwambia mwanawe. "Haya. Nipo. Sema."

Vipimo alinitazama mimi, akamtazama yeye. Nilisubiri. Nilisubiri kwa moyo wote, na nusu ya moyo huo ilikuwa tayari imemsamehe, alichobakiza ni neno moja tu. Mdomo wake ukafunguka. Polepole mkono wake ukaachia usukani.

"Mama," alisema, "twende tukaongelee ndani."

Bimkubwa hakusogea. Alimtazama mwanawe kuanzia miguuni hadi usoni, kama anampima. Kisha alishuka ngazi, akampita kama hamwoni, akaja mpaka nilipo. Akaingiza kidole chini ya mkanda wangu wa kidevuni, akauvuta kuona kama umekaza, kama anavyomfanyia kila mteja.

"Nenda, mwanangu," aliniambia. "Huyu sijamaliza kumlea."